Mtoto kaambiwa "Yesu alikufa kwa ajili yako", usiku kaamka analia. Nimwelezeje?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mimi ni mama wa watoto wawili, wa kiume ana miaka 10 na wa kike ana 6, na kanisani nasaidia kufundisha sande skuli. Pasaka iliyopita huyu mdogo alirudi kutoka kanisani kimya, chakula hakugusa, usiku akaamka analia anasema "mama mimi sikumuua Yesu". Kumuuliza vizuri anasema mwalimu kasema Yesu alikufa kwa ajili yangu. Nikajaribu kumwelewesha, nikaishia kumchanganya zaidi. Kaka yake naye akadakia hapohapo, kwani Mungu si anaweza kila kitu, si angesamehe tu yaishe? Nikakosa jibu kabisa. Mume wangu anasema niwaache, wakikua wataelewa wenyewe. Naomba unisaidie, nawaambiaje Yesu alikuja duniani kufanya nini, kwa lugha yao?

JIBU: Marahaba mama, na pole kwa usiku huo. Nimefundisha watoto kanisani zaidi ya miaka ishirini na siku hizi nawafundisha walimu wao, na hilo swali lako naliona karibu kila mwaka baada ya Pasaka, ila sio wazazi wengi wanaoliuliza, wengi wanamwambia mtoto "lala bwana" na yanaishia hapo.

Nianze na hili kwanza, mwanao hajaelewa vibaya. Amesikia Kiswahili kama kinavyosemwa nyumbani kwako. Hebu fikiria tunavyotumia hilo neno "kwa ajili" kila siku. Mtoto mmoja anamwambia mwenzie, "kwa ajili yako wewe nimechapwa!" Mechi haikuchezwa kwa ajili ya mvua. Nimechelewa kazini kwa ajili ya hii foleni. Yaani midomoni mwetu "kwa ajili" ina sura mbili, kuna "kwa faida yako" na kuna "wewe ndo umesababisha", na mtoto wa miaka 6 hii ya pili ndo anaisikia zaidi, tena mara nyingi anaisikia akiwa anagombezwa. Sasa umchukue huyo mtoto umkalishe kwenye benchi, umwonyeshe picha ya mtu ana misumari mikononi, umwambie huyu alikufa kwa ajili yako. Afanyeje? Analia. Ningekuwa na miaka 6 na mimi ningelia.

Na umri wenyewe unachangia. Watoto wa miaka minne mpaka sita, saba hivi, wanaamini wao ndo chanzo cha mambo. Bibi akiumwa ni kwa sababu jana nilipiga kelele, baba na mama wakinuniana ni kwa sababu nilivunja kikombe. Mtu yeyote anayefanya kazi na watoto atakwambia hilo, na ndo maana ukimpa mtoto wa umri huo kifo cha mtu halafu ukamwekea jina lake mwenyewe pembeni, unamtwisha mzigo ambao hata mtu mzima ungemlemea.

Kwa hiyo leo jioni, kabla ya somo lolote, mkalishe, mwambie maneno machache tu. Mimi huwa nasema hivi: "Wewe hukumuua Yesu. Hukuwepo, na Yesu hajakukasirikia hata kidogo. Yesu alikuja kukutafuta kwa sababu anakupenda, na alikufa akituokoa." Ona hiyo "akituokoa", nimeacha kabisa "kwa ajili". Mtoto anajua maana ya mtu kuumia akimwokoa mwingine, ameshasikia habari ya mtu aliyeruka mtoni kumtoa mtoto. Hakuna anayemlaumu yule mtoto aliyetolewa majini. Baadaye, akiwa mkubwa kidogo, "kwa ajili yetu" itarudi yenyewe, maana ipo mpaka kwenye Kanuni ya Imani ya Nikea wanayoisali kanisani, "kwa ajili yetu sisi wanadamu na kwa ajili ya wokovu wetu" alishuka kutoka mbinguni, na hayo ni maneno mazuri sana, lakini kila kitu na wakati wake.

Haya, sasa swali lenyewe. Alikuja kufanya nini?

Kosa letu sisi walimu ni kuanzia mwisho. Tunaanza na msalaba, kisha tunarudi nyuma kutafuta dhambi ya mtoto ili msalaba uwe na kazi. Nimeshamwona mwalimu anawauliza watoto wa chekechea "nani hapa ni mwenye dhambi?" wote kimya, anaanza kuwachimba, nani jana kadanganya, nani kaiba sukari, mpaka wanyooshe mikono. Ile ni polisi sio sande skuli. Kama unataka kujua Yesu alikuja kufanya nini, muulize Yesu, maana alishasema mwenyewe na sio mara moja. Kwenye Marko 10:45 anasema hakuja kutumikiwa bali kutumika na kutoa nafsi yake iwe fidia ya wengi. Yohana 10:10 alikuja ili wawe na uzima, kisha wawe nao tele. Mbele ya Pilato, Yohana 18:37, anasema amekuja ulimwenguni ili aishuhudie kweli. Yote ni kweli na yote yanahitajika, lakini jaribu kumpa mtoto hiyo "fidia". Niliwahi kuuliza darasani fidia ni nini, kijana mmoja akajibu haraka bila hata kufikiri, "hela wanazolipwa watu nyumba zao zikipitiwa na barabara." Na kajibu sawasawa kabisa! Kwao barabara ilikuwa inapanuliwa kipindi hicho, nyumba zina alama za X nyekundu.

Jibu la kuwapa watoto liko Luka 19:10. "Kwa kuwa Mwana wa Adamu alikuja kutafuta na kuokoa kile kilichopotea." Na uzuri wake ni kwamba hayo maneno hakuyasema mimbarini, kayasema nyumbani kwa mtu mfupi ambaye dakika chache kabla alikuwa juu ya mti. Yaani kama Yesu angekuwa anawatafutia watoto hadithi ya kuelezea kazi yake asingepata nzuri kuliko hiyo. Zakayo, mkuu wa watoza ushuru pale Yeriko, tajiri, watu hawampendi, mfupi hamwoni Yesu kwa ajili ya umati (unaona, hiyo "kwa ajili" tena), anakimbia mbele anapanda mkuyu. Watoto wanaocheza sokoni wanamjua mtu wa ushuru, yule mwenye kitabu cha risiti ambaye wamama wa mchicha wakimwona anakuja wanaanza kuguna. Waambie sasa huyu anatoza kuliko inavyotakiwa na inayozidi anaweka mfukoni. Watakwambia wenyewe huyo ni mbaya. Neno dhambi hujalitaja bado, na wameshaliona.

Halafu Yesu anafika chini ya ule mti anasimama, anaangalia juu, anamwita kwa jina. "Zakayo, shuka upesi, kwa kuwa leo imenipasa kushinda nyumbani mwako." Hapo nakuomba usiende haraka, ngoja watoto waulize. Watauliza alijuaje jina lake, na hapo usiwahi kujibu, warudishie: nyie mnaonaje? Mtoto mmoja wa miaka 7 aliniambia "labda alikuwa anamtafuta tangu asubuhi." Mimi nilikuwa nimeandaa somo la kurasa tatu, nikalifunga, sikuwa na cha kuongeza.

Angalia mpangilio pia, maana hapa ndo watu wazima wengi tunakosea. Yesu hakusema Zakayo tubu kwanza nikufikirie. Alijialika kwanza. Watu wakanung'unika, anaenda kukaa kwa mtu mwenye dhambi. Ndipo Zakayo mwenyewe akasimama, nusu ya mali yangu nawapa maskini, na niliyemdhulumu namrudishia mara nne. Mtoto akiliona hilo anaelewa kwamba Yesu anakuja kwa mtu akiwa bado mbaya, na mtu anabadilika kwa sababu amekujiwa. Ukimgeuzia mtoto hiyo, ukamwambia uwe mzuri ndo Yesu akupende, umemfundisha dini nyingine kabisa, na atakua nayo.

Kutoka kwa Zakayo unaweza kurudi nyuma mpaka mwanzo, Edeni. Adamu na Hawa wamekula tunda, wamejificha katikati ya miti. Mungu anasema nini cha kwanza? Anauliza, Mwanzo 3:9, "Uko wapi?" Hilo ndo neno lake la kwanza kwa Adamu baada ya kosa, swali la mtu anayetafuta. Sasa chora picha mbili ubaoni, mtu amejificha kwenye miti na Mungu anauliza uko wapi, na mtu yuko juu ya mti na Yesu anasema shuka. Watoto wa miaka 8 na kuendelea wanaiona wenyewe bila kusukumwa, "kumbe ni Mungu yuleyule!" Hapo umeshawapa Biblia nzima, Mungu aliyeuliza uko wapi ndo huyohuyo amekuja mwenyewe kwa miguu. Na kwanini awe mtu, tena aanze kama mtoto mchanga? Kwa sababu ukimtafuta mtu unaenda alipo, humpigii kelele kutoka mbali. Kwa mtoto wa miaka 4 hiyo inamtosha, Yesu alikuja ili Mungu awe karibu nasi, mtoto kama wewe, alijifunza kutembea kama wewe.

Sasa neno "Mkombozi". Hili watoto wetu wanalo tayari wala hawajui, kwa sababu wanacheza kombolela. Lisikilize vizuri, kombolela, komboa. Nilicheza miaka yote ya utoto sikuwahi kuunganisha, mpaka siku moja nimekaa kibarazani nasikia watoto wanapiga kelele "komboa! komboa!" nikasema weee, haya ni mahubiri.

Kwetu tulikuwa tunatumia kopo. Mmoja anafumba macho anahesabu, wengine wanajificha, akikuona anakimbilia kopo anataja jina lako, umekamatwa, unakaa pale kwenye kituo. Huwezi kujitoa mwenyewe. Hata ukiwa na mbio kuliko wote, ukishakamatwa umekamatwa, unamngoja mtu ambaye bado yuko huru aje alipige kopo teke, na akishalipiga wote mliokamatwa mnatawanyika kama kuku.

Jumamosi moja nikawatoa watoto nje ya kanisa, nikatafuta kopo tupu la rangi, tukacheza. Kuna binti mdogo alikamatwa wa kwanza kabisa, alijificha nyuma ya nguzo miguu yote inaonekana. Akakaa kwenye jiwe. Wakaongezeka wakafika nane. Amebaki kijana mmoja, na yule mtafutaji hatoki mbali na kopo, anazunguka zunguka. Tukangoja mpaka nikaanza kuangalia saa maana watu wa kwaya walikuwa wanafika mazoezini. Ghafla yule kijana katokea upande wa choo, mbio, ndala moja imebaki huko nyuma, kopo likaruka mpaka kwenye maua ya mchungaji, na kelele zake usiulize. Tulivyorudi ndani nikamuuliza yule binti, ulivyokaa kwenye jiwe ulikuwa unawaza nini? Akasema, "nilijua kaka atakuja." Kumbe yule kijana ni kaka yake.

Nikawaambia, mkombozi maana yake ni huyo. Sisi tulikuwa tumekaa pale kwenye jiwe hatuwezi kujitoa, na Yesu ambaye hakukamatwa na dhambi yoyote akaja. Kimya kidogo, halafu mmoja akauliza, "na yeye wakamkamata?" Hapo sasa ndo msalaba unaingia, kwa mlango wa mtoto mwenyewe, kwa swali lake. Nikamjibu ndiyo, walimkamata, na hakukimbia, alikubali akamatwe yeye ili sisi tuachiwe, lakini siku ya tatu alifufuka, kaburi likashindwa kumshika. Na usiishie kamwe Ijumaa Kuu kwa mtoto mdogo. Kama kipindi ni kifupi punguza kingine chochote ila Jumapili ifike. Wengi wanasimulia misumari kwa dakika ishirini, ufufuo unapewa sentensi moja watoto wakiwa wameshasimama wanatafuta viatu, na huyo binti yako nadhani ndo kilichomkuta.

(Mfano huo una kasoro yake. Kwenye kombolela anayetafuta ndo adui, kwenye injili anayetafuta ndo mwokozi. Mtoto mjanja atakukamata hapo, mwambie umeona vizuri, halafu endelea. Hakuna mfano unaobeba yote.)

Tuje kwa huyu wa miaka 10. Swali lake, kwanini Mungu asisamehe tu, usilione ni la utundu. Anselmo, aliyekuwa askofu mkuu wa Canterbury kule Uingereza, aliandika kitabu kizima kujibu kwanini Mungu alifanyika mtu, akakimaliza mwaka 1098, na wasomi wanabishana nalo mpaka leo. Kwa hiyo ulivyokosa jibu pale jikoni usijione mjinga, uko kwenye foleni ndefu ya watu wenye akili.

Mimi kwa umri huo natumia daftari la Mangi. Kila mtaa una duka ambalo mnakopa sukari, mafuta, sabuni, na Mangi anaandika kwenye daftari lake la madeni. Mpe hesabu. Mama fulani anadaiwa elfu 40, hana, kaja kulia, Mangi akachukua peni akachora mstari, haya mama nimekusamehe. Muulize mwanao: deni limekwisha? Atasema ndiyo. Muulize tena: ile elfu 40 kalipa nani? Atakaa kimya. Sukari ilishanunuliwa mjini kwa hela taslimu na ilishanyweka kwenye chai, na yule aliyemuuzia Mangi kwa jumla hakumsamehe. Kwa hiyo aliyelipa ni Mangi, kwa hela ya mfuko wake mwenyewe. Kusamehe "tu" hakupo. Mtu akisamehe kweli, kuna gharama na anaibeba yeye aliyesamehe. Akinipiga rafiki yangu nikaamua nisimrudishie, maumivu hayajapotea hewani, nimebaki nayo mimi.

Sasa ndo umwambie, msalaba ni Mungu anachora mstari kwenye daftari na gharama anaibeba mwenyewe. Na wala sijatunga, fungua Wakolosai 2:14 usome naye, Paulo anasema ile hati iliyoandikwa ya kutushitaki ilifutwa, ikagongomewa msalabani. Na 2 Wakorintho 5:19, Mungu alikuwa ndani ya Kristo akiupatanisha ulimwengu na nafsi yake, asiwahesabie makosa yao. "Asiwahesabie", si lugha ya daftari hiyo?

Hilo la "Mungu alikuwa ndani ya Kristo" nakuomba ulishike sana, maana bila hilo mtoto anabaki na picha mbaya kuliko zote. Picha ya baba mkali ana hasira, anataka kupiga mtu, watoto wabaya wamekimbia, basi akampiga yule mzuri aliyebaki. Watoto wengi wanayo hiyo, na wale wanaotoka nyumba zenye fimbo ndo kabisa. Yesu hakuwa mtu wa tatu aliyesukumwa katikati. Yohana 10:18 anasema hakuna anayemwondolea uhai wake, anautoa mwenyewe. Baba na Mwana walikuwa upande mmoja, wote wawili wanatutafuta sisi. Kwa hiyo ule mfano maarufu wa mzee wa reli anayemwacha mwanae asagwe na mashine ili treni la abiria lipite salama, mimi nimeufuta kabisa, hata kwa vijana wakubwa siutumii. Mtoto anatoka pale anamwogopa Mungu kisha anarudi nyumbani anamwangalia na baba yake kwa wasiwasi. Tena kwenye huo mfano mtoto wa watu hajaulizwa, na Yesu alikubali mwenyewe. Mfano wa hakimu anayemlipia mshitakiwa faini sio mbaya, ila unamfaa mtoto anayejua mahakama, na wengi hawajui, wanadhani hakimu ni polisi mkubwa.

Kama kijana wako ni wa kufikiri sana mpe na hii moja, ya mwafrika mwenzetu Athanasio wa Aleksandria kule Misri, karne ya nne. Alisema hivi, picha ya mtu iliyochorwa ikiharibika kwa uchafu, wenye akili hawatupi ule ubao, wanamwita mwenye sura aje akae tena ili picha ichorwe upya palepale. Mwanadamu aliumbwa kwa mfano wa Mungu, sura ikachafuka, basi mwenye sura akaja. Kuna kijana wa darasa la sita alinisikiliza akasema, "kwa hiyo tukimwangalia Yesu tunaona tulitakiwa tuweje." Nikamwambia wewe mwakani njoo ufundishe.

Kuna mambo mawili madogo niyataje kwa sababu najua yanakuja. Moja ni ile "mpokee Yesu aingie moyoni mwako". Kwa mtu mzima sawa, ila mtoto wa miaka 5 anawaza anaingiaje, anapitia mdomoni? Nilishaulizwa na mtoto aliyekuwa anahudhuria kliniki ya moyo kama Yesu akiingia ataziba. Sema "Yesu anataka kuwa rafiki yako na kukaa na wewe siku zote", inatosha. Na usiwaambie wanyooshe mikono kumpokea, watanyoosha wote, siku ya biskuti watanyoosha mara mbili.

La pili, shuleni wana marafiki Waislamu, na siku moja mmoja wa watoto wako atarudi na "fulani kasema Mungu hana mtoto". Usikasirike na usimtukane mtoto wa jirani. Mwambie wenzetu wanamheshimu Isa bin Maryamu kama nabii mkubwa, sisi Wakristo tunaamini ni zaidi ya nabii, na tukisema Mwana wa Mungu hatusemi Mungu alioa akazaa, hapana, tunasema yeye na Baba ni wamoja na ukimwona Yesu umemwona Mungu alivyo. Basi. Watoto wanaishi pamoja vizuri kuliko sisi, wanagawana mihogo ya kukaanga wakati wa mapumziko na mjadala unaishia hapo.

Kuhusu baba yao, msalimie sana. Kuna kitu yuko sahihi, mengine kweli yatangoja, huhitaji kumaliza yote mwaka huu. Luther naye alipotoa Katekisimu Ndogo mwaka 1529 aliiandikia wakuu wa nyumba, wawafundishe wa nyumbani mwao kwa namna nyepesi, maana alishaona watu wazima wenyewe hawajui. Ila "wakikua wataelewa" haifanyi kazi kwa mtoto ambaye ameshaelewa kitu, na alichokielewa ndo kinamwamsha usiku. Hicho hakingoji. Na mwombe yeye ndo asimulie ile ya daftari, kijana wa miaka 10 akiisikia kwa baba yake, hasa kama baba mwenyewe ana jina kwenye daftari la Mangi, itamkaa.

Kwa mwalimu wake wa sande skuli usiende na hasira, wewe mwenyewe ni mwalimu unajua tunavyokurupuka asubuhi na kitabu. Mwambie tu mtoto alisikia nini, atashtuka na atabadilisha.

Na kwa binti, baada ya yale maneno ya leo jioni, usimpe somo tena wiki hii. Chezeni Zakayo. Yeye apande kwenye stuli au ukingo wa kitanda, funga kanga kwenye nguzo iwe majani ya mkuyu, kaka yake na baba yake wawe umati wazibe njia wanung'unike vizuri, mara nyingi wababa wakishaanza kunung'unika hawataki kuacha. Wewe uwe Yesu. Tembea, pita kama humwoni, kisha simama, angalia juu, mwite kwa jina lake mwenyewe, sio Zakayo, jina lake, shuka upesi leo nataka kukaa nyumbani kwako. Usinyooshe mikono kumbeba. Muache ashuke mwenyewe.